Ukurasa Usio na Tatu

Geti la yadi ya chupa lilikuwa limefungwa kwa mnyororo, ingawa saa mbili asubuhi yadi ile ilitakiwa iwe imeshachangamka. Inspekta alipiga bati kwa kiganja mara kadhaa, mpaka sauti ya mwanamke ikauliza kutoka ndani, "Nani?"

"Polisi."

"Polisi mlishakuja. Na mlilotaka kusema mlishasema."

Inspekta alisubiri, mkoba begani, hadi mnyororo ulipoanza kulia.

Siku tano nyuma, kona moja ya zahanati mpya ilikuwa imetitia, ukuta ukaanguka na kumfunika mlinzi aliyekuwa ameinama kufunga kamba za viatu. Alikata roho kabla hawajamaliza kumwondolea matofali. Zahanati ile ilisimama juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao mvua ikinyesha unavimba na jua likiwaka unapasuka nyufa za kuingia mkono. Mhandisi aliyeijenga, mwanamke wa miaka thelathini na moja, aliuimarisha udongo huo kwa kuuchanganya na vipande vya chupa za plastiki zilizotupwa. Kwa hiyo kila mtu alijua kosa liko wapi, na Inspekta naye alijua. Alisimama juu ya kifusi, akainua kipande cha nailoni ya bluu kilichochomolewa chini ya ukuta, akasema mbele ya vinasa sauti vya waandishi, "Takataka hii ndiyo imeua mtu." Dakika kumi baadaye mhandisi alikuwa na pingu mikononi.

Kilichokuwa kimebaki ni kufunga faili. Mwendesha mashtaka aliomba kitu kimoja tu, sampuli ya plastiki kutoka yadini, ilinganishwe na kile kipande cha bluu. Inspekta alidhani ni kazi ya nusu saa.

Mwanamke aliyefungua geti watu walimwita Mama Chupa. Alikuwa na umri wa kuwa na wajukuu, na mikono yake ilikuwa imechanjwachanjwa kama ubao wa jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu, maana salamu hainyimwi mtu, hata polisi.

Ndani kulikuwa na meza sita ndefu na marundo ya chupa yaliyofika juu kuliko kichwa cha mtu. Wanawake kumi na wanne walikaa mezani bila kufanya kazi. Inspekta alitoa mfuko wa ushahidi, Mama Chupa akaupokea, akauinua juani.

"Hiki umekitoa wapi?"

"Chini ya ukuta."

"Ndani ya udongo, au juu ya udongo?"

Inspekta alifikiri. "Juu yake. Kilikuwa kimebanwa na zege."

Mama Chupa alimrudishia mfuko. Akaenda kwenye pipa, akachota kitu. "Fungua mkono." Akammiminia vipande vyembamba vinavyopitisha mwanga, upana wa ukucha wa kidole cha mwisho, urefu wa pingili mbili za kidole. "Hivi ndivyo tunavyompelekea mhandisi. Chupa za maji tu. Tunang'oa kifuniko, tunabandua karatasi, tunaosha, tunakata. Mfuko hauingii hapa, hata wa mkate. Yule binti akikuta mfuko mmoja anarudisha gunia zima, na alikuwa analipekua kwa vidole vyake kama mama anayemtafuta mwanawe chawa. Hebu vuta kimoja."

Inspekta alikivuta kwa mikono miwili. Hakikukatika.

"Kikiwa ardhini kinafanya kazi ya mzizi wa nyasi. Udongo unataka kuachana, chenyewe kinaushika. Chako usikivute, mwanangu, kitapasuka utapoteza ushahidi." Mtu mmoja mezani alicheka, na hakikuwa kicheko cha furaha. "Chako ni nailoni ya kutandika. Fundi anaitandaza juu ya msingi kabla ya kumwaga zege, unyevu usipande. Hata chini ya nyumba unayolala ipo."

Inspekta alihisi uso unamwaka kuanzia shingoni. Alipouliza, sauti yake ilikuwa ndogo. "Kwa nini hamkusema?"

"Tumwambie nani? Wewe uliongea na redio. Hukuongea na sisi." Mama Chupa aliashiria kwa kidevu meza ya mwisho, alipokaa mwanamke mmoja peke yake, kanga imemfunika mpaka kwenye nyusi. "Unamwona yule? Marehemu ni mumewe. Huu ni mwaka wa tatu anakata chupa hapa. Tangu maneno yako yale hajashika kisu. Ananiuliza kama vipande vya kona ile alivikata yeye. Niambie nimjibu nini."

Inspekta alitembea mpaka meza ile. Njia ilikuwa ya hatua kumi na tano, lakini ilimchosha.

"Pole na msiba, dada."

"Nimeshapoa." Mjane hakuinua macho. "Ni changu?"

"Hapana. Kile nilichokionyesha si plastiki yenu."

"Una hakika leo?"

"Leo nina hakika na hilo moja tu," Inspekta alisema. "Mengine ndiyo ninakwenda kuyatafuta."

Alitoka na sampuli yake kwenye bahasha. Nje ya geti alisimama kidogo akijifanya anatafuta ufunguo wa gari.

* * *

Msimamizi wa mafundi pale zahanati alikuwa mwanamume mfupi mwenye miguu mipana, na mafundi walimpa jina la Shindilia, kwa kuwa hilo ndilo neno alilolisema kuliko yote. Inspekta alimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anautazama ukuta uliobaki.

"Nilikuja hapa siku ile nikawauliza watu wote jambo moja, kama mliweka plastiki," Inspekta alisema. "Leo nataka uniambie mlivyoiweka."

Shindilia alimwangalia kwa muda, kama anayepima kama swali lina mtego, kisha akanyanyuka. Alieleza huku anatembea. Udongo ulichimbwa, ukakaushwa, ukachanganywa na vipande, ukarudishwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka kimo cha shubiri. Kila tabaka lilishindiliwa na mashine nzito kabla ya jingine kuwekwa.

"Pande zote nne?"

"Pande tatu na nusu." Alisimama penye kona iliyoanguka. "Hapa mashine haikugeuka. Ukuta wa jirani uko karibu mno. Tukashindilia kwa mkono, watu wanne, siku mbili."

Inspekta aliokota kipande cha nondo. Alikwenda upande uliosimama, akakichomeka ardhini kwa nguvu zake zote. Kiliingia urefu wa kidole, kikagoma. Akarudi kwenye kona, akakichomeka tena. Kilizama mpaka ngumi yake ikagusa udongo. Alichimbua kidogo kwa ncha. Vipande vya chupa vilikuwepo huku kama vilivyokuwepo kule, safi, wala havikukatika. Udongo wa kona ulivizunguka umelegea kama unga uliochotwa sasa hivi.

"Plastiki ni ileile," Inspekta alisema. "Mgonjwa ni mshindilio."

"Ndiyo."

"Ulijua?"

Shindilia alikwangua matope ya kiatu kimoja kwa ncha ya kingine. "Nilijua kwa nyayo. Mtu aliyekanyaga misingi miaka ishirini, mguu unamwambia. Nikamwambia mhandisi, hii kona siiamini. Naye akasema hata yeye haiamini, tusubiri maabara wapime, wakisema tufumue tunafumua. Karatasi ikaja. Kiwango ni tisini na tano kwa mia, karatasi ikasema tisini na saba. Sasa mimi niliyeishia darasa la saba, nibishane na karatasi kwa ajili ya miguu yangu?"

"Kwa nini hukuniambia haya siku ile?"

"Ulikuwa umeshapata jibu, Afande. Na mimi niliona haya. Nilifikiri nikisema nilijua, utauliza kwa nini nilinyamaza. Kama ulivyouliza."

Inspekta alifuta nondo kwa majani, akaiweka chini. "Nani alipima?"

"Mzee Mizani."

* * *

Kila aliyewahi kujenga kitu katika mji ule alimjua Mzee Mizani. Alikuwa na miaka thelathini na minne katika maabara ya udongo, na nusu ya wahandisi walijifunzia kazi mikononi mwake, mhandisi aliyekuwa mahabusu akiwa mmoja wao. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya udongo uliookwa. Kulikuwa na oveni, chekecheo za matundu ya kila ukubwa zimetundikwa misumarini, mizani yenye namba nyekundu za umeme, na rafu za makopo yaliyozibwa kwa nta, kila moja na lebo yake.

"Karibu, mwanangu. Kiti kiko kushoto kwako," Mzee alisema hata kabla Inspekta hajavuka kizingiti vizuri. Alikuwa mrefu, koti jeupe limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Alizunguka chumbani bila kugusa kitu, kama mtu anayetembea kwenye sebule aliyozaliwa. Kwenye meza ya pembeni alikaa binti yake wa kumzaa, karani wa maabara, mama wa makamo mwenye miwani.

Inspekta aliomba aelezwe kipimo kinavyofanyika, na Mzee akaeleza vizuri, kama aliyezoea wanafunzi. Unachimba kishimo kidogo kwenye tabaka lililoshindiliwa. Udongo wote uliotoka unaupima uzito, unautia kwenye kopo, unaziba kwa nta ili ukitokea ubishi uwepo. Kishimo unakijaza mchanga uliojulikana uzito, upate kujua ukubwa wake. Udongo mwingi kutoka shimo dogo maana yake umeshikana. Udongo kidogo, umelegea.

"Naweza kuona daftari?"

Binti alilileta. Inspekta alilifungua akaanza kusoma kimyakimya, ukurasa baada ya ukurasa. Mwandiko ulikuwa mdogo, umenyooka, wa mtu mmoja. Kisha akafika Jumatano ya kona ile. Namba zilikuwa kubwa, na baadhi zilipanda juu ya mistari.

"Huu mwandiko ni wa nani?"

"Wangu," Mzee alisema.

"Na huu mwingine wote?"

"Wa kwangu mimi," binti alidakia. "Baba anapima, mimi naandika. Ni mazoea tu, kazi iende haraka."

"Jumatano hiyo ulikuwa wapi, dada?"

"Hospitali. Mwanangu alikuwa na homa." Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Inspekta alishuka na kidole mpaka mstari wa kona. Tatu nukta nane. Akainuka, akatafuta kopo lenye lebo hiyo, akaliweka kwenye mizani. Makopo yote yalikuwa ya uzito mmoja, na mizani iliukata uzito huo yenyewe. Namba nyekundu zilicheza kidogo, zikatulia kwenye tatu nukta tatu.

Alikagua nta. Haikuwa na ufa. Akachukua jiwe la kupimia la kilo moja, akalitia kwenye kopo tupu, akaliweka juu ya mizani. Moja kamili. Akachukua kopo la wiki iliyotangulia, akalinganisha na mwandiko mdogo wa binti. Sawasawa. Udongo uliofungwa kwa nta hauwezi kupungukiwa nusu kilo, na nusu kilo ile ndiyo ilikuwa tofauti ya tisini na saba na themanini na nne. Karatasi ikisema themanini na nne, Shindilia anafumua kona yake, na mlinzi anafunga kamba za viatu vyake anakwenda nyumbani.

Mtu angesema Mzee kapewa kitu ili aandike uongo. Ndivyo Inspekta angesema siku tano nyuma. Safari hii alikaa, akausoma ukurasa ule upya. Vipimo kumi na viwili. Kabla ya nukta kulikuwa na tatu na nne nyingi, kama inavyotakiwa, kwa sababu kishimo kile hutoa kilo tatu au nne na mzoefu yeyote anajua hilo hata akiwa usingizini. Baada ya nukta kulikuwa na sifuri, moja, tano, saba. Nane ilijirudia mara tano. Tatu haikuwepo hata moja. Alifungua kurasa nyingine sita; kila moja ilikuwa na tatu zake baada ya nukta, kama kawaida ya namba.

Aliinua macho akaitazama mizani. Tatu nyekundu na nane nyekundu ni ndugu. Zimetenganishwa na vijistari viwili vya kushoto.

Akachukua kopo jingine rafuni, akalipima. Kioo kikaonyesha nne nukta tatu.

"Mzee wangu, nisomee hii."

Binti alifungua kinywa. Inspekta aliinua kidole, binti akakifunga. Mzee alikuja, akainama juu ya mizani, akasogea, akasogea tena mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Nne nukta nane," alisema.

Oveni ilijizima yenyewe, ikalia tik.

"Baba," binti alisema.

Mzee aliunyoosha mgongo polepole. Alipapasa meza kutafuta kiti, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kupapasa kitu tangu Inspekta aingie. Akakaa.

"Ni muda gani?" Inspekta aliuliza.

"Miaka miwili sasa. Kama moshi. Asubuhi unakuwa mwepesi, mchana mzito. Wanauita mtoto wa jicho."

"Unatolewa huo, Mzee. Siku moja tu hospitalini."

"Najua." Alishika magoti yake. "Kliniki ya macho iko ghorofa moja na ofisi ya wahandisi. Ningekaa kwenye benchi pale, vijana wangu wanapita, shikamoo Mzee, unaumwa nini? Mimi ndiye niliyewafundisha kusoma mizani. Nikasema wiki ijayo. Kisha wiki ijayo. Mficha maradhi, mwanangu, unaujua mwisho wake."

"Siku ile ungesubiri binti yako arudi."

"Mafundi walikuwa wanangoja. Nikajikaza." Alisita. "Na nikwambie lililo baya zaidi. Ule udongo wa kona nilipoutia mkononi, vidole viliniambia ni mlegevu. Udongo mzuri ukiufinya unabaki donge. Ule ulipukutika. Mizani ikaniambia nane. Nikajiambia, basi vidole navyo vimezeeka. Nikaandika nane."

"Ukuta ulipoanguka?"

"Nilisikia redioni. Mtu anasema ni takataka, ni plastiki, mhandisi amekamatwa. Yule binti nilimfundisha mwenyewe. Alikuwa akija na daftari lake hapa, anauliza maswali mpaka unachoka." Aligusa kalamu zake mfukoni. "Nilisikia anatiwa pingu, na mimi nikashusha pumzi. Nilishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Hilo halinitoki."

Inspekta alifunga daftari. "Sauti ile ya redioni ilikuwa yangu."

"Najua. Niliijua ulipoingia mlangoni."

Binti alikuwa analia bila sauti, miwani mkononi. "Mimi nilikuwa namsomea," alisema. "Kila siku. Hakuna namba niliyoibadilisha. Nilisema anastaafu mwakani, tumfichie baba aibu yake afike salama. Ni siku ile moja tu."

"Moja tu? Katika miaka miwili hujawahi kuumwa, hujawahi kufiwa?"

Binti aliacha kulia. Alivuta droo, akatoa kitabu cha mahudhurio, akapekua haraka. Siku nne hakuwepo kazini. Katika mbili, hakuna kilichopimwa. Ya tatu ilikuwa Jumatano ile. Ya nne ilikuwa miezi minane nyuma. Inspekta alifungua ukurasa wake kwenye daftari. Namba kubwa, zimepanda mistari. Baada ya nukta, tatu haikuwepo.

"Hiki ni nini kilichopimwa?"

Mzee ndiye aliyejibu. "Shule. Jengo jipya la ghorofa, la mhandisi yuleyule. Madarasa manane."

Ilikuwa saa nne na robo, siku ya masomo. Inspekta alimpigia mwalimu mkuu papo hapo, akamwambia awatoe wanafunzi kwenye jengo jipya na asimruhusu mtu kurudi ndani. Kisha akaliweka daftari kwenye mkoba. Mzee alisimama, akanyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu. "Binti wa watu ulimfunga," alisema. Pingu zilikuwepo mkobani. Inspekta alimshika kiwiko, kwa kuwa nje palikuwa na ngazi tatu zisizo na mahali pa kushika, wakashuka pamoja.

* * *

Mhandisi alikuwa amekaa kwenye sakafu ya mahabusu, mgongo ukutani. Inspekta alimweleza kila kitu akiwa amesimama, kuanzia nailoni mpaka daftari, bila kujipendelea. Mhandisi alisikiliza hadi mwisho.

"Mzee yuko wapi?"

"Ofisini kwangu. Anaandikisha maelezo."

"Amekula?"

"Amepewa chai."

"Nionyeshe ukurasa wa shule." Aliusoma akiwa bado chini. "Nane ziko shimo la pili na la tano. La pili liko chini ya ngazi. Nitahitaji nondo, koleo, mchanga na ile mizani. Na Shindilia."

"Nina neno la kukuambia kwanza."

"Neno lako halizuii jengo," mhandisi alisema, akainuka.

Geti la shule lilisimamiwa na mwalimu mkuu mwenyewe. Wanafunzi walikuwa wamejazana ukumbini, kelele zao zilisikika mpaka barabarani. Alipomwona anayeshuka garini, akatandaza mikono.

"Huyu haingii. Tumesikia habari zake. Ndiye aliyeua mtu kwa takataka."

Inspekta alikuwa na la kusema, na wazazi waliokuwa wamesimama pale walikuwa wanangoja aliseme. Akatoa kitambulisho chake. "Anaingia na mimi. Kazi ya polisi."

Mwalimu mkuu alisogea. Mhandisi alipita, na alipompita Inspekta alimtupia jicho mara moja, akaendelea na safari yake.

Walichimba mpaka alasiri. Shimo la tano lilikuwa zima. La pili, chini ya ngazi, lilikuwa legevu kama la zahanati. Mvua mbili kubwa tu zingelifikisha jengo pale ilipofika zahanati. Mhandisi alikaa ndani ya kishimo, tope mpaka magotini, akaandika agizo: jengo lifungwe, ngazi ishikiliwe kwa nguzo, udongo wa sehemu ile ufumuliwe, ushindiliwe upya na vipande vyake vilevile, upimwe na watu wawili wenye macho mawili mawili. Shindilia aliposikia hilo la macho hakucheka. Alimwomba mhandisi ampe kazi ile aifanye yeye, kwa mikono yake.

Inspekta alibeba mizani kuirudisha garini. Ilikuwa nzito, na hakumwachia mtu. Kabla ya hapo alikuwa amemtuma askari yadini kwa mjane, na ujumbe wa maneno matatu: plastiki yenu haikuua. Askari alirudi akasema mama yule aliusikia, akauliza urudiwe, kisha akalala hapohapo juu ya meza, usingizi wa kweli, na wenzake wakamfunika.

"Sasa sema neno lako," mhandisi alimwambia, anajifuta mikono kwa majani.

"Nisamehe. Nilisema nisilolijua, na nililisema kama ninalijua."

Mhandisi aliendelea kujifuta kwa muda. "Mimi nilijua sikufanya kitu, kwa hiyo nililala. Siku ile mama yangu alikuwa pale. Alikuwa ameniletea mwavuli. Mpaka leo hajatoka nje ya nyumba. Nenda kamwambie yeye."

* * *

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, katika safu ya nyumba zinazotazamana, na katikati ya safu palikuwa na bomba moja la maji. Jioni ile wanawake sita au saba walikuwa pale na ndoo zao. Walimwona Inspekta anapita, mazungumzo yakakatika.

Mlango ulifunguliwa kiasi cha uso. Mwanamke mwembamba, kipimo cha mshonaji kikining'inia shingoni, ingawa nyuma yake cherehani ilikuwa imefunikwa shuka.

"Shikamoo, mama."

"Umekuja kumchukua nani tena?"

"Sijaja kuchukua mtu. Mwanao ameachiwa, yuko shuleni anamalizia kazi. Nimekuja..." Inspekta alitazama chini. Kizingiti kilikuwa kimefagiliwa kwa ndani tu. Kwa nje majani yalikuwa yamejikusanya siku tano. "Nimekuja kuomba radhi. Mwanao hana kosa. Kosa ni langu mimi niliyesema."

Alilisema kwa sauti ya kunong'ona, kama watu wanavyozungumza penye mgonjwa. Mama alimsikiliza. Kisha akafungua mlango wote, akatoka, akasimama kizingitini kwa miguu mitupu, mara ya kwanza tangu siku ile. Pale bombani ndoo moja ilikuwa imejaa, maji yanamwagika, na hakuna aliyelifunga bomba.

"Mimi nimesikia," mama alisema. "Lakini siku ile hukunong'ona, mwanangu. Waambie na wale."

Inspekta aligeuka, uso kwa bomba, akaanza upya.